Kindi na Riziki Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, akakiongoza kiijue riziki yake pasina mwalimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake, na Masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, wako wanaodhani ya kuwa mawaidha ni kutaja kaburi na moto tu, na ya kuwa kuzungumza khabari za wanyama ni mchezo wa watoto. Dhana hiyo Qurani yenyewe yaikanusha. Ndani yake mna sura iliyopewa jina la nyuki, na nyingine la chungu, na nyingine la buibui. Na katika Suratul Maida tumeelezwa ya kuwa yule mwana wa Adam aliyemuua nduguye hakujua la kuufanyia mwili wake, mpaka alipoletewa kunguru akafukua ardhi mbele ya macho yake, ndipo akajifunza. Ikiwa mtu alisomeshwa na kunguru jinsi ya kumsitiri maiti, sisi hatuoni haya leo kukaa na kindi tukamtazama.

Lililotupeleka huko ni suali lililoulizwa katika darsa yetu hapa Habaswein. Kijana mmoja alisema: "Sheikh, imekuja khabari ya kuwa kindi, tunayemjua kuwa ni mla mbegu, ameonekana akiwinda panya na kula nyama yao. Jee, huku si kubadilika maumbile aliyoumbiwa? Na vipi hukumu yake, maadamu sasa ni mla nyama?" Baadhi ya waliohudhuria wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu suali hili lina mambo mawili makubwa ndani yake: moja ni la fiqhi, na la pili ni la riziki. Na hilo la pili, sisi watu wa nchi hii kavu tuna haja nalo kuliko wengi.

Kwanza tumtambue mnyama mwenyewe. Waswahili humwita kindi, na wengine humwita kidiri au kuchakuro; ndugu zetu Wasomali humwita dabagaalle. Aliye wetu huku si yule wa kuruka juu ya miti mirefu ya pwani. Wetu ni wa ardhini. Hana mistari ubavuni, manyoya yake ni machache na magumu, jicho lake limezungukwa na weupe, na kucha zake ni ndefu za kuchimbia. Hulala shimoni, hatoki mpaka jua limepanda, na likizidi ukali hurejea chini ya ardhi. Kila mchungaji kati ya hapa na kinamasi cha Lorian amemwona amesimama kwa miguu ya nyuma kama mlinzi, akiangalia huku na huku. Na wataalamu wa wanyama wameandika ya kuwa chakula cha jamaa hii ya kindi si mbegu peke yake: hula majani, na mizizi, na matunda, na maganda ya miti ya miiba, lakini pia hula wadudu, na mayai ya ndege, na hata vinyama vidogo wanapopatikana. Kwa hivyo yule anayesema kindi ni mla mbegu tu amesema aliyoyasikia, hakusema aliyoyaona.

Ama khabari yenyewe ni ya kweli. Imetoka Marekani, katika jimbo la California, katika mbuga iitwayo Briones. Huko wako kindi wa ardhini, binamu za hawa wetu, na wataalamu walikuwa wamekwisha kuwaangalia kwa miaka 12. Katika mwezi wa Juni na Julai mwaka 2024, wanafunzi waliokuwa wakiwachunguza waliona jambo ambalo hawakulitazamia: kindi anajilaza chini karibu na ardhi, anamvizia panya mdogo wa nyasini, anamrukia, anamwuma shingoni, kisha anamla. Wanafunzi wakapiga picha za video wakampelekea mwalimu wao, Bibi Jennifer Smith wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Eau Claire. Naye ikamwia vigumu kuamini, mpaka alipokwenda akaona kwa macho yake. Wakahesabu mara 74 ambazo kindi alikutana na panya, na katika kila mara 100, mara 42 kindi alikuwa akiwinda. Walioonekana ni wakubwa kwa wadogo, madume kwa majike. Na sababu ilikuwa wazi: mwaka ule panya wale walizidi mno katika mbuga ile, na kindi walipoona neema imejaa mbele yao hawakuipa mgongo.

Tazameni, ndugu zetu, adabu iliyomo katika khabari hii kabla hatujafika kwenye hukumu. Mwalimu aliletewa jambo lililopingana na yale aliyoyazoea, na tena lililetwa na wanafunzi wake. Hakusema, "Nyinyi watoto mnajua nini?" Wala hakulimeza vivi hivi. Alikwenda akathibitisha. Na sisi ndio tulioamrishwa katika Suratul Hujurat tuhakikishe khabari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutokujua kisha tukajuta. Ni khabari ngapi huletwa sokoni kwetu asubuhi, na kabla ya adhuhuri zimekwisha kuwatia watu uadui, wala hakuna hata mmoja aliyekwenda kuangalia!

Sasa tuje kwenye hukumu. Kindi kwa Kiarabu ni sinjab, na maulamaa walimjua. Sheikh Muhammad bin Musa ad-Damiri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, yaani 1405 wa Miladi, amemtaja katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, Hayatul Hayawan. Na vitabu vya madhehebu yetu ya Imam Shafi vimemhesabu katika wale walio halali. Jee, kula kwake nyama kunamharamisha? Hapana. Walioharamishwa ni wanyama wenye chonge ambao kwa chonge hizo huwashambulia wengine. Kindi hana chonge kabisa. Mbele ana meno manne, mawili juu na mawili chini, yasiyokoma kukua maisha yake yote. Na baina ya hayo na magego pana uwazi mtupu. Na tungekuwa tunaharamisha kila kilacho nyama, tungeanza na kuku, ambaye haachi mdudu wala mjusi. Bali fisi, ambaye kila mfugaji hapa anajua anavyokula, Imam Shafi amemhalalisha kwa hadithi ya Jabir, ijapokuwa maulamaa wengine wamekhitalifu naye.

Lakini hukumu hii ni ya kitabu, si mwaliko wa kwenda kuwinda. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa mwitu tangu mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 imelitilia nguvu katazo hilo. Tena kiumbe kuwa halali kuliwa hakumpi mtoto wa duksi ruhusa ya kumpiga kwa mawe hali yeye hana haja naye. Mtume S.A.W. amekataza kilicho hai kufanywa shabaha. Wazazi na walimu na waliangalie hili, kwani moyo unaozoea kumtesa mdogo asiye na sauti, kesho haumwonei huruma yatima.

Tumebakiwa na nusu ya pili ya suali: jee, kindi amebadilika maumbile? Jawabu ni kuwa hakubadilika. Uwezo ule alikuwa nao, Mola wake alimtilia. Ila ulidhihiri ulipofika wakati wake. Wataalamu wametaja hata aina 30 hivi za kindi ambazo hula nyama zinapoipata. Kindi huonekana pia akiguguna mifupa na pembe kavu, kwa kuwa ndani yake mna madini ambayo mbegu hazimpi. Na hao hao wa California huchukua ngozi aliyoivua nyoka, wakaitafuna, wakajilamba mwilini mpaka wakanuka harufu ya nyoka, na kwa hila hiyo wakamchanganya adui yao. Na katika majangwa ya kusini ya Afrika yuko kindi ambaye jua linapomchoma huugeuza mkia wake ukawa mwavuli, na chini ya kivuli hicho akaendelea kutafuta chakula. Huyu ndiye kiumbe tunayemdharau. Hana shamba, hana duka, wala hana cheti cha chuo; lakini kila sababu aliyowekewa mkononi ameitumia.

Na hapa ndipo penye mazingatio. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura Hud ya kuwa hakuna mnyama katika ardhi ila riziki yake iko juu Yake Yeye. Aya hii tunaipenda sana. Twaisoma, twaiandika ukutani, twaitaja tunapokaa barazani kunywa chai. Lakini wengi wetu tumeifahamu kinyume. Tumeifanya godoro la kulalia, na hali imeshuka iwe nguzo ya kusimamia. Riziki ya kindi iko juu ya Mwenyezi Mungu, na juu ya hayo kindi hakai shimoni akangoja mbegu ziingie. Na Mtume S.A.W. alipotupigia mfano wa kutegemea kwa haki, katika hadithi iliyopokewa na Umar bin Khattab, alitaja ndege ambao hutoka asubuhi na njaa na jioni hurejea wameshiba. Hakumtaja ndege aliyebaki tunduni. Na Ibn Abbas amesimulia khabari ya watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakijiita wenye kutegemea, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Ikashuka aya ya kuwaamrisha wachukue zawadi ya safari. Basi kutegemea ni kazi ya moyo, na kutafuta ni kazi ya mkono, na mmoja haumwachishi mwenziwe kazi.

Ndugu zetu wa Habaswein! Sisi tunakaa mahali ambapo jina lake kwa Kisomali ni vumbi kubwa, na jina halikukosea. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwanzo wa mwaka 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza. Gu ikapita, deyr ikapita, na mawingu yakituaga. Katika Kenya nzima wakafa mifugo zaidi ya milioni 2. Njia za kwendea visimani zikajaa mizoga, na mtu aliyekuwa na ng'ombe 100 akabaki na fimbo. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 mvua ikaja kwa ghadhabu, mafuriko yakachukua baadhi ya waliosalia. Huu ulikuwa mtihani, na waliosubiri wana malipo yao. Lakini subira si neno la kufungia mlango. Baada ya msiba ule watu waligawanyika makundi matatu, na kila mmoja wetu ajitazame yuko wapi.

Kundi la kwanza ni la waliokaa. Wao husema, "Baba zetu walikuwa wafugaji, na sisi ni wafugaji, mifugo imekufa, basi tungoje msaada." Msaada ukija wanapanga safu, usipokuja wanalaumu. Hatumsemi mzee, wala mgonjwa, wala mjane mwenye watoto wachanga. Hao wana haki katika mali zetu, na asiyewapa ndiye mwenye kuulizwa. Tunamsema kijana mwenye mikono miwili na mgongo ulionyoka. Huyo ukimwambia, "Jifunze kushona, jifunze kuchomelea chuma, lima bustani ndogo karibu na kisima," atakujibu ya kuwa kazi hizo si za watu wa nasaba yake.

Hili neno la nasaba lataka kusemwa wazi, hata kama litawachukiza baadhi. Imo katika jamaa zetu ada mbaya ya kumdharau mhunzi na mshona viatu, mpaka watu hawakubali kuozana nao. Jee, ada hii tumeitoa wapi? Hakika si katika dini. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma akatengeneza deraya, na Mtume wetu S.A.W. amemsifu ya kuwa alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Anayemdharau mhunzi kwa uhunzi wake, na aangalie ni Nabii gani anayemgusa kwa ulimi huo. Ufugaji ni heshima, na Manabii wamechunga. Lakini heshima haikuwa katika pembe za ng'ombe hata ife pamoja nao. Heshima ni mtu kuuzuia uso wake usiombe. Mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, na hili halikuvuliwa kabila lolote. Kindi alipoletewa riziki kwa sura asiyoizoea, hakuuliza kama babu yake aliila.

Kundi la pili walitafuta, lakini walitafuta pasina mipaka. Hawa ndio walioingia porini na mashoka wakaangusha miti mibichi kuchoma makaa, mpaka mahali palipokuwa kivuli cha ngamia na msafiri pakawa uwanja wa upepo. Ukiwakataza, hukuletea hadithi ya mtu aliyechukua kamba yake akaenda kukata kuni, ya kuwa ni bora kuliko kuomba. Hadithi ni sahihi, na wao wameisoma nusu. Imepokewa na Abu Daud hadithi nyingine yenye onyo kali la moto kwa anayekata mkunazi, na Abu Daud mwenyewe akaifasiri ya kuwa ni ule mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama hujikinga kwa kivuli chake, akaukata mtu bila ya haki. Kama haya hayatuhusu sisi watu wa nchi ya vumbi, basi yanamhusu nani? Na katika kundi hili wamo pia wafanya biashara waliofungia unga na sukari wakati wa njaa, wakingoja bei ipande. Hapa mfano wa kindi unakoma. Kindi hakukalifishwa, hana halali wala haramu, anachokiona anakila. Mwanadamu amepewa akili, akateremshiwa sharia, na kesho ataulizwa juu ya mali yake maswali mawili: umeichuma wapi, na umeitumia katika nini. Tumwige kindi katika juhudi yake. Katika mipaka tuna Mtume wa kumfuata.

Kundi la tatu ndio waliofahamu. Kina mama wanaouza maziwa ya ngamia alfajiri hali watu wamelala. Vijana waliojifunza ufundi. Wafugaji waliopunguza ng'ombe wakaongeza ngamia na mbuzi wanaostahimili ukame. Familia zilizokausha nyama zikaiweka nyirinyiri kabla mnyama hajadhoofika. Hawa hawakuacha dini yao wala asili yao. Wameitafsiri ile aya ya Sura Hud kwa mikono yao.

Neno letu la mwisho ni juu ya akiba. Katika Suratul Ankabut tumekumbushwa ya kuwa viumbe wangapi hawabebi riziki zao, na Mwenyezi Mungu huwaruzuku wao na sisi. Al-Baghawi, katika tafsiri ya aya hiyo, amenakili kauli ya Sufyan ya kuwa hakuna kiumbe wa kuweka akiba ila mtu, na panya, na chungu. Na kindi, kwa ilimu ya leo, ni katika jamaa ya panya. Kindi wa miti katika nchi za baridi hufukia mbegu huku na huku kabla ya kipupwe, na zile anazozisahau huota zikawa miti. Akiba yake inamfaa yeye, na inayombakia inawafaa wengine. Hiyo ndiyo akiba njema. Nabii Yusuf naye aliwafunza watu wa Misri kuweka nafaka katika mashuke yake miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Basi wakati wa mvua ndio wakati wa kujiandaa kwa ukame. Katika mwaka 2013 ilianzishwa huku Wajir bima ya mifugo kwa njia ya takaful isiyo na riba, ambayo hupima ukosefu wa malisho kwa vyombo vinavyotazama ardhi kutoka juu angani, na mwaka 2014 wafugaji wa kwanza wakalipwa. Mtu na aulize, na asome masharti, na awaulize wanaojua kabla ya kutia mkono. Lakini asiseme ya kuwa kujiandaa ni kukosa imani. Mtume S.A.W. alimwambia mtu amfunge ngamia wake, kisha ategemee.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali, utukinaishe nacho, na ututoshe nacho tusikihitaji cha haramu. Tupe mikono isiyoona haya kufanya kazi, na nyuso zinazoona haya kuomba bila ya dharura. Tuteremshie mvua yenye manufaa isiyo na madhara, uwahurumie waliofiwa na mifugo yao, na uwape waliobakiwa na kitu moyo wa kuwakumbuka wasio nacho. Utufanye katika wale wanaotazama uliyoyaumba wakazingatia, wala usitufanye katika wanaoyapita hali wameyapa mgongo. Amin.